Mbwa Asiyefika Uwanjani

Kila mwaka, baridi inapoanza kuingia, wabunge wa Ireland huketi katika ukumbi wa Dáil kujadili azimio fupi ambalo matokeo yake hujulikana kabla ya mtu yeyote kusimama kusema. Azimio hilo huidhinisha fedha za Mfuko wa Mbio za Farasi na Mbwa, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Mgawanyo umekwisha kupangwa: asilimia 80 kwa farasi, asilimia 20 kwa mbwa. Mwaka 2024 sehemu ya mbwa ilikuwa euro milioni 19; mwaka 2025 ikapanda hadi milioni 19.8. Wapinzani husimama wakazungumzia mbwa waliouawa, watetezi husimama wakazungumzia ajira za vijijini, halafu kura hupigwa na fedha hutoka.

Pande zote mbili zina hoja, na tutazifikia. Lakini ukiusikiliza mjadala wenyewe, aghalabu unazunguka swali moja: mbwa anatunzwaje? Banda lina nafasi kiasi gani, daktari wa mifugo yupo uwanjani au hayupo, mkojo umepimwa dawa au haukupimwa. Ni maswali ya maana, ila yote yanamhusu mbwa aliyekwisha kufika uwanjani, mwenye jina, mkufunzi na koti la nambari mgongoni. Ukiyatazama mambo ya Ireland, Uingereza na Australia kwa pamoja, unaona kuwa kiini cha tatizo kiko nyuma zaidi, kwenye idadi ya watoto wa mbwa wanaozaliwa. Fedha za umma huisukuma idadi hiyo juu, na viwango vya ustawi, hata vikiandikwa vizuri namna gani, havina la kusema juu yake.

Mbwa tunayemzungumzia ni aina ya greihaundi: mwembamba, kifua kirefu, kiuno chembamba, mwenye uwezo wa kukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Katika mbio za Ireland sita hufungiwa kwenye visanduku vya kuanzia, kila mmoja na koti la rangi yake, kuanzia jekundu la namba 1 hadi lenye milia myeusi na myeupe la namba 6. Sungura wa bandia hupita kasi kwenye reli, milango hufunguka, na mbio za yadi 525, yaani mita 480, huisha kabla nusu dakika haijatimia. Mchezo ulianzia Marekani, ambako Owen Patrick Smith alibuni sungura wa mashine ili mbwa wasimkimbize mnyama aliye hai. Ukaingia Uingereza katika uwanja wa Belle Vue, Manchester, Julai 1926, na mwaka uliofuata ukawa Belfast na Dublin. Uwanja wa Shelbourne Park, Dublin, uliofunguliwa mwaka huo wa 1927, unatumika hadi leo.

Ireland iliupenda mchezo huu kwa sababu inayoeleweka. Farasi alikuwa wa tajiri. Mbwa angeweza kufugwa uani na kibarua wa kiwandani au mkulima mdogo. Mick the Miller, mbwa aliyekuzwa na padri wa kijiji cha Killeigh, alishinda Derby, mbio kuu za Uingereza, mwaka 1929 na 1930, na mwili wake uliohifadhiwa unatazamwa hadi sasa katika jumba la makumbusho la Tring. Ni vigumu kumweleza mtu wa Tipperary au Limerick kwamba kitu ambacho babu yake alikiona kama heshima ya mtu wa hali ya chini sasa kinaitwa aibu ya taifa. Anayeandika juu ya mbio hizi bila kulielewa hilo hataelewa kwa nini kura ile ya Dáil hupita kila mwaka.

Kuna jambo la umri ambalo halibadilishwi na sheria yoyote. Mbwa wa mbio huanza kushindana akiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, na kwa kawaida huwa amemaliza akiwa na miaka mitatu au minne. Asipopatwa na baya anaweza kuishi miaka 12 au zaidi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya maisha yake huja baada ya kuacha kuleta senti, na gharama ya miaka hiyo haimo katika hesabu za mchezo isipokuwa mtu ailazimishe iwemo.

Aliyetakiwa kuilazimisha ni chombo cha umma kiitwacho Bord na gCon, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1958 na ambacho tangu 2020 kinaitwa Rásaíocht Con Éireann. Kazi zake ni nyingi kuliko kawaida. Kinapokea fedha za serikali, kinamiliki viwanja kadhaa, kinaendesha chenyewe kamari ndani ya viwanja hivyo, kinatoa zawadi, kinatangaza mchezo ili watu waje, kinatoa leseni kwa wakufunzi, kinapima dawa katika maabara yake na kinasimamia ustawi wa mbwa. Daftari la vizazi vya mbwa wote liko mikononi mwa chama kingine, Irish Coursing Club cha Clonmel, ambacho chenyewe husimamia mashindano ya kumkimbiza sungura aliye hai. Mchezo huo bado ni halali Ireland, ingawa tangu 1993 mbwa hufungwa vifuniko vya mdomo.

Juni 2019 televisheni ya taifa, RTÉ, ilirusha kipindi kilichoutikisa mpangilio huo. Waandishi wake walikuwa wamepata ripoti ya washauri ambayo Bord na gCon yenyewe iliiagiza na kuipokea mwaka 2017. Ripoti ilisema kwamba mbwa wapatao 16,000 huzaliwa Ireland kila mwaka kwa ajili ya mbio, na kwamba karibu 6,000 kati yao huuawa kwa sababu hawakufikia kasi iliyotakiwa. Kipindi kilionyesha pia mahali pa kuchakata mizoga ambako mwenye mbwa angeweza kumleta akauawa kwa malipo madogo. Umma ulighadhibika, wadhamini kadhaa wakajitoa, mawaziri wakaitwa kujieleza. Kilichonisimamisha mimi kuliko picha zile ni tarehe. Ripoti ilikaa ndani ya ofisi ya chombo kinachosimamia ustawi wa mbwa tangu 2017, na nchi ikaijua kupitia televisheni.

Sasa tuiangalie hesabu yenyewe. Watu waliposikia kwamba maelfu ya mbwa wanauawa kwa upungufu wa kasi, wengi waliielewa kama habari ya wafugaji wakatili. Wakatili wapo, kama ilivyo katika kila kazi. Lakini 6,000 kwa mwaka haitokani na tabia ya watu wachache. Inatokana na muundo. Kasi ni jambo la kulinganisha. Hata ukiboresha chakula, mazoezi na damu ya mbwa wote wa Ireland, kila mbio itakuwa na wa sita, na kila kizazi kitakuwa na karibu nusu iliyo chini ya wastani. Mbwa wa mwisho wa leo huenda ana kasi kuliko Mick the Miller, na bado ni wa mwisho. Mfugaji hawezi kujua mapema ni yupi kati ya watoto saba atakayekuwa bingwa, hivyo anazalisha wote saba kama mtu anayenunua tiketi saba za bahati nasibu. Tiketi zilizokosa ana uhuru wa kuzitupa.

Hapa ndipo fedha za umma zinapoingia kwa njia ambayo haionekani kirahisi. Sehemu kubwa ya msaada wa serikali huishia, moja kwa moja au kwa mzunguko, katika zawadi. Mshindi wa Derby ya Ireland amekuwa akipata euro 125,000 katika miaka ya karibuni. Zawadi ikiwa kubwa, mbwa wa kasi huwa na thamani kubwa. Mbwa wa kasi akiwa na thamani, inalipa kuzalisha wengi ili umpate mmoja. Kila euro inayoingizwa kwenye zawadi bila kikomo cha uzalishaji inakuwa kichocheo cha kuzaliwa mbwa wa ziada. Halafu serikali hiyohiyo inatenga fungu jingine, dogo zaidi, la kuwatafutia makazi mbwa hao wa ziada.

Tangu 2019 yamefanyika mengi, na haifai kuyapuuza. Sheria mpya ya mbio za mbwa ya mwaka huo iliipa Bord na gCon meno zaidi ya adhabu. Kila mbwa ana alama sikioni na chipu chini ya ngozi, na tangu 2021 upo mfumo wa kompyuta unaotakiwa kumfuatilia tangu utotoni hadi kustaafu na kubadilisha mmiliki. Umeanzishwa mfuko wa utunzaji unaochangiwa na mapato ya viwanjani, wakaguzi hufika mabandani bila taarifa, na takwimu za majeruhi hutangazwa. Mbwa wastaafu husafirishwa kwa wingi kwenda kuishi majumbani huko Italia, Uingereza, Uswidi na kwingineko, na waliowahi kuishi nao watakwambia kwamba mnyama huyu aliyezaliwa kwa ajili ya kasi hupenda zaidi kulala kwenye sofa.

Lakini soma sheria kwa makini uone inapokoma. Sheria ya Ustawi wa Mbwa wa Mbio ya 2011 inataka wafugaji wasajiliwe na inasema mbwa jike asizae zaidi ya mara sita. Ni kinga nzuri kwa mama. Haisemi majike wangapi wazalishwe kwa mwaka, wala watoto wangapi nchi nzima inaweza kuwabeba. Mfugaji anaweza kutimiza kila kifungu, akawa na mabanda safi na vyeti kamili, na bado akachangia ziada ileile. Mfumo wa kufuatilia nao, pamoja na faida zake, kazi yake ni kurekodi. Unaweza kukwambia mbwa fulani alikufa lini. Hauwezi kumzuia asizaliwe kwa ajili ya nafasi ambayo haipo.

Kuhusu majeraha, hali ni tofauti kidogo, kwa sababu hapo viwango vinaweza kweli kupunguza madhara. Mbwa hukimbia kuzunguka uwanja wa mviringo kwa upande wa kushoto, na wote sita hufika kona ya kwanza karibu kwa wakati mmoja, kila mmoja akitaka njia ya ndani. Hapo hugongana na kuanguka. Mzigo wa kona huelemea mguu wa kulia wa nyuma, na mvunjiko wa mifupa midogo ya kifundo ni jeraha ambalo kila daktari wa viwanjani analijua. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sydney, walioagizwa na waendeshaji wa mbio wa jimbo la New South Wales, Australia, walipima mambo haya na kupendekeza njia zilizonyooka zisizo na kona, mbwa wachache zaidi katika kila mbio, na sungura wa bandia anayetangulia mbali zaidi ili mbwa wasisongamane. Ni mapendekezo ya kihandisi, yanayopimika. Kikwazo chake ni gharama na desturi: viwanja vingi vilijengwa mviringo zamani, na mtazamaji aliyelipa kiingilio anataka kuiona kona.

Uingereza, ambako mchezo unaendeshwa kwa mchango wa hiari wa kampuni za kubeti bila ruzuku ya aina ya Ireland, chombo kinachosimamia viwanja vyenye leseni huchapisha takwimu kila mwaka. Mwaka 2018 mbwa 242 walikufa au kuuawa kwa sindano uwanjani baada ya kuumia. Mwaka 2023 walikuwa 109, na 2024 wakawa 123. Ukijumlisha vifo vyote, pamoja na vya mbwa waliouawa kwa sababu nyingine wakiwa bado chini ya usimamizi wa chombo hicho, idadi ilishuka kutoka 932 mwaka 2018 hadi 346 mwaka 2024. Huu ni ushahidi kwamba kutangaza takwimu na kulipia matibabu huokoa maisha. Asiyeukubali kwa sababu anataka mchezo ufungwe hajitendei haki.

Pamoja na hayo, ni vyema kujua takwimu hizo zinahesabiwaje. Mwaka 2024 yaliripotiwa majeraha 3,809, na chombo huyaeleza kama zaidi kidogo ya asilimia 1 ya mara ambazo mbwa walikimbia. Asilimia 1 inasikika ndogo. Lakini mbwa hakimbii mara moja. Akikimbia mara 50 katika maisha yake ya mashindano, na hatari ikawa ileile kila mara, uwezekano wa kuumia angalau mara moja unakaribia asilimia 40. Takwimu zote mbili ni sahihi. Moja inapima mbio, nyingine inampima mbwa. Serikali inayotoa fedha kwa jina la ustawi wa mnyama ingepaswa kudai ya pili, na kwa kawaida hupewa ya kwanza.

Na kuna kisa cha Seaham, mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, kinachoonyesha vizuri zaidi kuliko takwimu pengo lililopo kati ya sheria na mbwa wa ziada. Mwaka 2006 gazeti la Sunday Times lilifichua kwamba mfanyabiashara mmoja wa huko alikuwa akipokea mbwa wa mbio wasiotakiwa, kuwaua kwa malipo na kuwazika katika shamba lake. Inakadiriwa aliua zaidi ya 10,000 kwa muda wa miaka 15. Alifikishwa mahakamani mwaka uliofuata na kutozwa faini ya pauni 2,000. Kosa lilikuwa la mazingira: alizika taka bila kibali. Kumuua mbwa mwenye afya kwa njia ya haraka, mwenye mbwa akiwa ameridhia, halikuwa kosa. Siku hizi kanuni za mchezo zimekaza kamba, lakini msingi wa kisheria, kwamba mbwa ni mali na mwenye mali anaweza kuiondoa mradi asiitese, haujahama sana katika nchi nyingi.

Waaustralia ndio waliolichimba swali la idadi hadi chini kabisa. Februari 2015 kipindi cha televisheni ya ABC kilionyesha wakufunzi wakiwafundisha mbwa kwa kutumia wanyama walio hai, sungura na hata watoto wa nguruwe, waliofungwa kwenye mashine. Serikali ya New South Wales ikamteua aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Australia, Michael McHugh, achunguze. Ripoti yake ya Juni 2016 ilisema kwamba katika miaka 12 walizaliwa mbwa 97,783 katika jimbo hilo, na kwamba kati ya nusu na asilimia 70 yao waliuawa kwa sababu hawakuonekana wa kushindana. Julai mwaka huo Waziri Mkuu wa jimbo, Mike Baird, alitangaza kupiga marufuku mbio za mbwa. Miezi mitatu baadaye, Oktoba, alirudi nyuma na kufuta uamuzi huo, akiwa ameelemewa na hasira za vijijini, magazeti na washirika wake wa kisiasa.

Badala ya marufuku, New South Wales ilipata tume huru ya ustawi na uadilifu, iliyoanza kazi Julai 2018 ikiwa imetenganishwa na chombo kinachoendesha na kutangaza mbio. Waswahili tuna methali inayolitosha jambo hili: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Jimbo hilo liliamua ngedere asiwe hakimu tena, na kwa kanuni huo ulikuwa uamuzi sahihi ambao Ireland haijaufikia. Ireland zipo kamati za nidhamu zilizotengwa na bodi, lakini aliyeajiriwa kuongeza zawadi na watazamaji bado yuko nyumba moja na aliyeajiriwa kumkagua mkufunzi. Hata hivyo kuigawa nyumba hakukumaliza matatizo ya Australia. Mwaka 2024 waraka wa aliyekuwa daktari mkuu wa mifugo wa chombo cha mbio cha New South Wales ulitoka hadharani ukieleza mbwa waliosukumwa kukimbia kupita kiasi, majeraha mabaya na mabanda yenye hali mbaya. Mkuu wa chombo akaondoka, uchunguzi mwingine ukaundwa. Usimamizi huru husaidia maovu yaonekane mapema. Idadi ya mbwa wanaozaliwa nayo inaendelea kuamuliwa na zawadi na kamari.

Turudi kwenye kamari, kwa sababu ndiyo hoja kubwa ya kutetea fedha za Ireland. Watetezi husema fedha hizi hazitoki mfukoni mwa mlipa kodi wa kawaida. Zinatokana na ushuru wa kubeti, ambao tangu 2019 ni asilimia 2 ya dau, hivyo mchezo unarudishiwa ulichozalisha. Ushuru huo lakini hutozwa pia kwa dau za soka, za farasi na za mambo mengine mengi. Anayebeti mechi ya Liverpool anachangia hazina, na hazina ikishapata fedha inaweza kuzipeleka hospitali au kwenye mbio za mbwa. Kuzipeleka kwenye mbwa ni uamuzi wa kisiasa, na uamuzi wa kisiasa unaweza kuwekewa masharti ya kisiasa. Ukumbuke pia kwamba mahudhurio viwanjani Ireland yameporomoka mno tangu miaka ya 2000, wakati uchumi ulipokuwa umefura. Mchezo ambao ulikuwa wa jioni ya watu wa mtaa sasa unaishi zaidi kwa skrini na ruzuku.

Hata msomaji wa Afrika Mashariki analijua jambo hili zaidi ya anavyodhani. Katika vibanda vya kubeti vya Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, mbwa hukimbia kwenye skrini kila baada ya dakika chache, wakiwa na makoti yaleyale ya rangi na nambari zilezile. Ni mbwa wa kompyuta. Wapo vijana wanaojua kwamba namba 1 ni nyekundu ingawa hawajawahi kumwona greihaundi aliye hai. Madhara ya kamari hiyo kwa mfuko wa kijana ni habari nyingine, ndefu na ya kusikitisha. Kwa hoja yetu hapa inatosha kuona kwamba kamari ya mbwa inaweza kufanya biashara mchana kutwa bila mguu mmoja kuvunjika. Anayesema mbwa hai ni lazima ili ushuru upatikane ana kazi ya kulithibitisha hilo.

Hoja ya ajira ina uzito zaidi. Katika miji midogo ya Munster, kusini mwa Ireland, uwanja wa mbwa hulisha watu: wauza chakula cha wanyama, madaktari wa mifugo, wahudumu wa mgahawa, wakufunzi wadogo wenye mbwa wanane au kumi. Wengi wao huwapenda mbwa wao, na hudharauliwa kwa dhambi za wengine. Tena, kukata fedha ghafla kunaweza kuzalisha maafa yaleyale yanayoogopwa. Uwanja wa Canidrome wa Macau ulipofungwa Julai 2018 uliacha nyuma mbwa zaidi ya 500 bila makazi, na yalihitajika makundi ya nchi nyingi na miezi ya kazi kuwapatia watu wa kuwachukua. Ukifanya hivyo katika nchi yenye maelfu ya mbwa mabandani, mahali pa kuchakata mizoga patakuwa na foleni.

Ndiyo maana sharti ambalo ningelitazamia katika azimio la Dáil ni la hesabu, na halihitaji mtu kukubaliana nami kuhusu maadili ya mchezo. Ruzuku ifungwe kwenye idadi ya kuzaliwa. Serikali itangaze, kabla ya mwaka kuanza, mbwa wangapi watazaliwa kwa ajili ya mbio, kwa kuzingatia nafasi zilizopo viwanjani na makazi yaliyothibitishwa kwa wanaostaafu. Idadi ikizidi, zawadi zipungue kwa kiwango kinachojulikana. Kila mbwa anayesajiliwa utotoni alipiwe amana na mwenye kumzalisha, arudishiwe pale tu mbwa anapothibitishwa kuwa hai mikononi mwa mmiliki mwingine au amekufa kwa sababu ambayo daktari asiye na maslahi ameitia sahihi. Takwimu zichapishwe kwa kundi la mwaka wa kuzaliwa, ili mtu yeyote aweze kuuliza: kati ya waliozaliwa mwaka huo, wangapi waliwahi kukimbia, wangapi wako hai leo, wako wapi? Mfumo wa kufuatilia ulioanza 2021 una uwezo wa kutoa majibu hayo. Kinachokosekana ni mwenye fedha kuyadai kabla ya kusaini hundi.

Wakufunzi wengi wazuri hawataumizwa na sharti kama hilo. Atakayeumia ni yule anayezalisha kwa wingi akiuza wale wa kasi na kusahau waliobaki, na yeye ndiye ambaye sheria ya sasa humwacha apite akiwa na vyeti vyote mkononi.

Wakati Ireland inajadili masharti, wengine wameamua kuachana na mchezo kabisa. Florida, iliyokuwa na viwanja vingi kuliko jimbo lolote la Marekani, ilipiga kura ya wananchi Novemba 2018. Asilimia 69 walitaka ukome, na mbio za mwisho zikawa mwisho wa 2020. Leo viwanja vilivyobaki Marekani viko West Virginia, ambako sheria ya jimbo huyalazimisha makasino kuzilisha mbio za mbwa. New Zealand, baada ya ripoti za uchunguzi za mwaka 2013, 2017 na 2021 zilizosema mambo yanayofanana, ilitangaza Desemba 2024 kupitia waziri wake wa mbio, Winston Peters, kwamba mchezo utafikia kikomo katikati ya 2026, na ikajipa muda huo ili mbwa wapatiwe makazi kwa mpango. Tasmania ilisema Agosti 2025 kwamba fedha za serikali zitakoma 2029. Wales, yenye uwanja mmoja tu, ilitangaza Februari 2025 nia ya kupiga marufuku. Serikali ya Uingereza, inayosimamia England, yenye viwanja vingi zaidi, ikasema haina mpango huo.

Kauli hiyo ya mwisho inawahusu wafugaji wa Ireland kuliko azimio lolote la Dublin. Zaidi ya mbwa wanane katika kila kumi wanaokimbia Uingereza wamezaliwa Ireland. Mtoto wa mbwa wa Tipperary anazalishwa akilini mwa mfugaji kwa ajili ya soko la Romford au Newcastle, ambako kampuni za kubeti hununua mbio za mchana kutwa ili kujaza skrini zao. Kwa hiyo mlipa kodi wa Ireland anasaidia kugharimia uzalishaji ambao ukubwa wake huamuliwa na mikataba ya matangazo ya nchi jirani, na mbwa anapovuka bahari kumbukumbu zake huhamia kwenye daftari la chombo kingine. Dáil ikitaka kuhesabu mbwa wake kikweli, itabidi makubaliano yaanzie hapo bandarini, kati ya madaftari mawili ambayo kila moja hadi sasa limekuwa likihesabu mbwa walio ndani ya uzio wake tu.